Kodi ya miezi sita ndo inatufungia mlango sisi tunaoanza maisha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua za wasomaji. Najua nafasi yenyewe finyu na barua yangu ndefu, ila hili jambo limenikaa moyoni muda sasa na kila nikisubiri mtu mwingine aliseme naona kimya, bas nimeona niandike mwenyewe.

Kuna maneno yanasemwa sana siku hizi, kwenye daladala, saluni, redioni asubuhi, hata misibani, kwamba vijana wa sasa hawataki kutoka kwa wazazi. Eti mtu ana miaka 27, ana kazi yake, bado anakula ugali wa mama, anangoja nini, enzi zetu ukipata kazi tu unapanga chumba unaanza maisha. Wanaosema hivyo ni wazazi wetu na tunawaheshimu, lakini naomba wakae chini tupige nao hesabu, manake ukiisikia hiyo kauli bila hesabu unaweza ukaiamini kabisa.

Mi nafanya kazi kwenye duka la dawa hapa Dar es Salaam, mshahara unaofika mkononi ni laki nne na nusu. Ninao wenzangu wengi wanaopata chini ya hapo kwa hiyo silalamikii mshahara, hiyo ni barua nyingine. Nilikuwa nakaa kwa mama mdogo Gongo la Mboto, yeye na mume wake na watoto, mi nalala sebuleni, nasubiri watu wamalize kuangalia tivii ndo nivute godoro nitandike, na asubuhi natakiwa niwe nimeshalikunja kabla baba mdogo hajatoka chumbani. Hakuna aliyenifukuza wala hatukugombana, mama mdogo ni mtu mwema sana Mungu amzidishie. Ila mtu mzima unafika mahali unataka mlango wako, ufunge ufungue mwenyewe, ukitoka kazini umechoka ulale saa moja ukitaka bila kumwomba mtu radhi. Sidhani kama hilo ni tamaa.

Sasa hesabu. Chumba masta maeneo ya Tabata, choo ndani, tailizi, kuna fensi, mwenye nyumba anataka laki na nusu kwa mwezi. Laki na nusu kwenye laki nne na nusu ni theluthi ya mshahara, inauma lakini inabebeka, unapunguza hiki na kile unaishi. Tatizo hakuna anayekwambia ulete laki na nusu. Unaambiwa miezi sita, yani 900,000 kwa mkupuo, na wapo wanaotaka mwaka mzima, 1,800,000. Juu yake kuna dalali naye anataka kodi ya mwezi mmoja, 150,000 nyingine. Kwa hiyo ili upewe funguo lazima uwe na 1,050,000 mkononi, kabla hujanunua ndoo, kabla hujanunua godoro, kabla hujalipa hata kirikuu cha kuhamishia mabegi. Hiyo ni zaidi ya mishahara yangu miwili mizima bila kula wala kupanda gari. Nikijibana nikaweka laki moja kila mwezi bila kukosa, bila mtu kuugua nyumbani, bila msiba, ni karibu mwaka mzima ndo nafika. Na hapo nimechukulia bei haijapanda.

Msomaji anaweza kusema mbona umetaka cha bei, nenda Mbagala, nenda Chanika, huko vipo vyumba vya elfu hamsini. Ni kweli vipo. Ila elfu hamsini mara sita ni laki tatu, na anayetafuta chumba cha elfu hamsini ni kijana anayeendesha bodaboda ya mtu au dada anayemsaidia mama lishe, hela yake inakuja kwa siku, leo elfu saba kesho elfu tano. Kwake yeye laki tatu ni mlima kuliko hata hiyo milioni yangu. Mzigo ni ule ule, watu tu ndo tofauti.

Serikali yenyewe ilipandisha kima cha chini cha watumishi wake kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025, tukashangilia, lakini hata huyo mtumishi analipwa mwezi kwa mwezi. Mwalimu, nesi, mlinzi, muuza duka, wote tunalipwa mwezi kwa mwezi na wengine kwa siku. Sijawahi kusikia mwajiri anayempa mtu mshahara wa miezi sita mbele ili akalipie nyumba. Sasa iweje pato liingie kidogo kidogo halafu kodi itoke kwa nusu mwaka? Hapo kati kuna shimo, na kijana anayetoka kwao mara ya kwanza ndo anatakiwa aliruke akiwa hana hata akiba, manake anayeanza anaanzia sifuri, hana cha kuuza.

Na watu wanaliziba hilo shimo vipi? Wengine ndugu wanachanga, huyo ana bahati. Wengine wana vikoba au mchezo kazini wanaomba wapokee wa kwanza. Wengine wanaingia mikopo ya kausha damu, ile ya riba ya kila wiki, au zile programu za mikopo za kwenye simu ambazo ukichelewa kidogo wanaanza kuwapigia watu wote uliowasevu, mpaka bosi wako. Benki Kuu mwaka 2024 ilitoa orodha ya programu zinazokopesha bila leseni na kuwaambia wananchi wasizitumie, nikaipongeza, ila pia nikajiuliza hao watu walikuwa wanakopa kwa ajili ya nini. Naowafahamu mimi kazini na mtaani, kodi ya nyumba na ada ndo sababu kubwa mbili.

Kuna njia nyingine na hii nataka niiseme wazi kwa sababu inatuhusu sisi wasichana na haisemwi. Kuna wanaume wanaijua hii miezi sita kuliko tunavyoijua sisi. Anakwambia tafuta chumba mi nitalipa, usiwe na wasiwasi. Analipa kweli. Alafu anataka funguo ya pili. Alafu anakuja saa anayotaka yeye, anakagua simu, anauliza nani alikuja jana, na ukimwambia tuachane anakukumbusha nani kalipa hapa. Nina rafiki yangu alikaa kwenye hali hiyo mpaka miezi ikaisha, anasema alikuwa anahesabu siku ili kodi iishe na yeye aondoke. Aliondoka kwao kutafuta uhuru akaishia kuomba ruhusa ya kwenda kumsalimia mama yake. Kama kodi ingekuwa ya mwezi mmoja mmoja yule dada angejilipia mwenyewe tangu mwanzo, mshahara wake ulikuwa unatosha kabisa kwa mwezi.

Nirudi kwenye kutafuta chumba, manake nako kuna mambo. Dalali kwanza anataka hela ya kukuzungusha, elfu tano, elfu kumi, hata kama usipopenda chumba hairudi. Anakupeleka kwenye chumba ambacho anajua kabisa hukitaki, umemwambia unataka choo ndani anakuonyesha choo cha uani kinachotumiwa na nyumba nzima, anakwambia dada chukua hiki hiki, vyumba saivi hakuna. Siwasemi wote, aliyenipatia hiki ninachokaa alikuwa kijana mstaarabu na aliniambia ukweli kuhusu maji. Lakini hii kazi haina utaratibu unaoonekana mtaani, yeyote mwenye simu na pikipiki ni dalali, na ukitapeliwa huna pa kwenda kushtaki kwa elfu kumi.

Alafu ukifika kwa mwenye nyumba ukiwa msichana peke yako ndo unakutana na maswali. Nakumbuka nyumba moja Segerea, chumba kizuri, kina dirisha mbili upepo unapita, hela nilikuwa nayo. Nikamsalimia mama mwenye nyumba shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, mko wangapi? Nikasema niko peke yangu mama. Akaniuliza na mume? Nikasema sijaolewa. Hakunijibu mimi tena, alimgeukia dalali akamwambia "si nilikwambia nataka familia?" akarudi ndani. Kwingine baba mwenye nyumba alinikubali ila kwa masharti, binti mgeni mwisho saa mbili usiku na mgeni wa kiume hapana, na wakati ananiambia hivyo mlango wa pili kuna kaka anaishi peke yake muziki unasikika mpaka barabarani na nilipouliza kama na yeye ana sharti hilo nikaambiwa yule ni mwanaume.

Nawaelewa wazazi wanaogopa fujo kwenye nyumba zao. Lakini fujo ina sheria zake, mtu akifanya fujo muite mjumbe, muite mwenyekiti wa mtaa, mpe notisi. Kumhukumu mtu kabla hajaweka hata begi chini kwa sababu tu ni mwanamke na hana mume hiyo ni dhuluma, na inatusukuma kwenda kukaa sehemu zisizo na fensi, zisizo na taa njiani, ambako kweli kuna hatari. Mi natoka kazini saa tatu usiku zamu ya jioni. Nilikuwa naangalia kwanza njia ya kutoka kituoni mpaka mlangoni kabla sijaangalia chumba chenyewe.

Haya, umelipa, umehamia. Hapo ndo watu wanadhani stori imeisha kumbe hapo ndo miezi sita inaanza kukubana kwa upande mwingine, manake kuanzia siku uliyotoa ile hela huna nguvu tena mbele ya mwenye nyumba. Masika ilipoanza, paa la chumba changu likaanza kuvuja pembeni ya ukuta, pale pale nilipoweka kitanda, maji yanafuata ukuta mpaka kwenye soketi. Nimempigia mwenye nyumba, anasema fundi anakuja. Nimempigia tena, anasema yuko safari. Nimemtumia picha, tiki mbili za bluu, kimya. Nikahamisha kitanda katikati ya chumba na kwenye soketi nikapiga soltepu nisije nikasahau nikachomeka pasi. Angekuwa anasubiri kodi yangu kila tarehe moja naamini yule fundi angepatikana wiki hiyo hiyo, kwa sababu angejua mwezi ujao naweza kubeba godoro langu nikaondoka. Lakini anajua siwezi, hela yangu anayo na ukiondoka katikati hairudishwi. Unakuwa kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi, majani yaliyo mbele unayaona tu.

Na wala sio kwamba sheria haijasema kitu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema anayepangisha sehemu ya jengo anawajibika kutunza paa, kuta kuu, mifereji na njia za pamoja, na amwache mpangaji akae kwa amani bila kubughudhiwa. Mi nilikuwa sijui, aliniambia mteja mmoja pale dukani ambaye ni wakili, nilimlalamikia tu wakati namfungashia dawa. Akaniambia pia yapo mabaraza ya ardhi na nyumba ya wilaya yaliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2002, unaweza kupeleka mgogoro wa upangaji huko. Sawa, asante. Ila niambie ukweli, nani atafungua shauri kwa ajili ya paa la chumba kimoja, aombe ruhusa kazini, alipe nauli, arudi jioni kulala kwenye nyumba ya mtu anayemshtaki? Haki ipo kwenye karatasi lakini nguvu ya kuidai tumeitoa yote siku ya kwanza pamoja na ile laki tisa.

Kuhusu umeme nitasema kwa sababu wanaoanza maisha wengi wanaingia kwenye nyumba za luku moja bila kujua wanachoingia. Kwenye zile nyumba za vyumba sita na korido katikati, mita ni moja, na ukutani utakuta karatasi imeandikwa kwa maki peni, friji kiasi gani, pasi kiasi gani, feni, tivii, kila mtu atoe mchango. Ugomvi wa nyumba nyingi unaanzia hapo, usiku umeme umekatika wanaanza kugongeana milango nani hajatoa. Lakini ubaya zaidi ni bei. Shirika la umeme lina bei nafuu kwa mteja wa nyumbani anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, uniti ni kama shilingi 122 ukiweka na makato, ukizidi hapo ukahamishiwa kundi la juu uniti inakuwa kama 356. Chukua watu sita, kila mmoja anatumia uniti 30 tu, taa na simu na feni. Kila mtu angekuwa na mita yake angelipa kama 3,660. Wakiwa kwenye mita moja wanakuwa na uniti 180, wanatupwa kundi la juu, jumla 64,000 na kitu, kila mtu zaidi ya 10,600. Yani maskini sita wakikaa pamoja wanatozwa kama tajiri mmoja, karibu mara tatu ya walichotakiwa kulipa, na unafuu uliowekwa kwa ajili yao hawaugusi kabisa. Alafu kwenye luku hiyo hiyo tangu 2021 inakatwa kodi ya jengo, ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, sasa 1,500. Kodi ya jengo ni ya mwenye jengo, lakini mwenye jengo hanunui umeme, tunanunua sisi. Hela ndogo ndio, ila nani amewahi kurudishiwa?

Ndo maana nawaambia wenzangu wanaotafuta chumba, kabla ya kuuliza tailizi uliza mita. Uliza iko ya chumba au ya nyumba nzima, uliza inasoma kundi gani. Uliza maji yanatoka siku ngapi kwa wiki na kama kuna simtanki. Nenda ukaone usiku, sio mchana tu, manake baa ya jirani mchana imelala. Na siku ya kuhamia badilisha kitasa, hujui nani alikaa humo kabla yako na funguo ngapi zilichongwa. Mkataba usiandikwe kwenye karatasi ya daftari, andikeni vizuri, muweke tarehe, muweke kiasi, muweke notisi ni ya muda gani, na hela ipite kwenye simu au benki ili ibaki alama. Halafu ujitambulishe serikali ya mtaa na kwa majirani, hasa majirani. Mi nilishikwa na homa usiku mmoja, natetemeka hata kusimama siwezi, mama wa chumba cha mbele ndo aliyesikia natapika akagonga, akanipikia uji, asubuhi akanipeleka zahanati na mtoto wake mgongoni. Kukaa peke yako hakumaanishi uishi bila watu.

Na nisije nikawatisha watu bure. Pamoja na yote hayo sirudi nyuma. Nimenunua mtungi wa gesi wa kilo sita, jiko la moto mmoja, sufuria mbili, godoro la futi nne kwa sita, na pazia nimeshona mwenyewe kwa kitenge. Jumapili nafua, napika maharage ya nazi ya kula siku tatu, naweka redio, nakaa mlangoni nasuka. Nimejifunza bajeti kwa namna ambayo kwa mama mdogo nisingejifunza, naijua bei ya kilo ya unga na ya mkaa na ya ndoo ya maji, najua mshahara unaisha tarehe ngapi na kwa nini. Najiona nimekua. Ndo maana nauma meno nikiona mdogo wangu pale kazini, ana kazi, ana akili, ana nidhamu ya hela, amekwama kwa sababu moja tu, hana laki tisa kwa pamoja.

Sasa wenye nyumba nao wana hoja na lazima tuzisikilize. Nyumba nyingi za kupanga hapa mjini hazijajengwa na makampuni, zimejengwa na watu wa kawaida kwa hela za mfukoni, mtu anaweka msingi mwaka huu, anapandisha ukuta mwaka ujao, bati zinakuja baada ya miaka, hakuna benki iliyomkopesha. Kodi ya miezi sita ndo inamalizia chumba cha nne na cha tano. Wengine ni wajane na wastaafu, Januari ikifika ada za watoto na wajukuu zinatoka kwenye hiyo kodi. Na wanaogopa mpangaji mbaya, anakaa miezi mitatu halipi, ukimtoa anakushtaki au anahama usiku amebeba na taa. Hofu hiyo sio ya kutunga, naijua, mama mdogo wangu mwenyewe aliwahi kuachiwa deni namna hiyo kwenye kibanda chake cha uani.

Lakini hofu hiyo inatibika bila kumfungia nje kila anayeanza. Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, anaishi Nairobi, maeneo ya Pipeline kule Embakasi. Alipoingia alilipa mwezi mmoja na dipoziti ya mwezi mmoja, basi. Kila mwezi analipa kabla ya tarehe tano kwa simu, akichelewa msimamizi wa ploti anamgongea, akitaka kuhama anatoa notisi ya mwezi. Huko nako wana shida zao, majengo yamebanana jua halifiki, na dipoziti kurudishwa ni mbinde, sijasema ni peponi. Ila yule dada alitoka kwao na mishahara yake miwili ya kwanza. Mi kwa kazi ile ile ningehitaji karibu mwaka. Tofauti yetu sio bidii, ni utaratibu wa kulipa.

Hapa kwetu ilikuwepo sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984, ikafutwa 2005, na tangu hapo mpangaji na mwenye nyumba wameachwa waelewane wenyewe, na ukimwacha mwenye nyumba aelewane na mtu asiye na pa kulala unajua nani atashinda. Mawaziri wa ardhi zaidi ya mmoja wameshasema hadharani kwamba kudai kodi ya miezi sita au mwaka kunawaumiza wananchi. Tumewasikia na tumepiga makofi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoa huu wa Dar es Salaam, na ukitembea Manzese, Buguruni, Temeke, Kimara, unaona mwenyewe wangapi kati yao wanalala kwenye nyumba za watu. Hawa wote wanaishi kwa hisani ya makubaliano ya mdomoni.

Ninachoomba kinaeleweka. Kwa nyumba za kuishi, kodi idaiwe mwezi mmoja mmoja, na anayepangisha aruhusiwe kuchukua dipoziti isiyozidi mwezi mmoja au miwili, iandikwe kwenye mkataba na irudishwe mtu akihama bila deni wala uharibifu. Mpangaji asiyelipa atolewe kwa utaratibu wa haraka, mwenye nyumba asizungushwe miaka kwenye mabaraza, kwa sababu tukimlinda na yeye hatakuwa na sababu ya kudai nusu mwaka mbele. Madalali wasajiliwe hata kwenye ofisi ya mtaa tu, na malipo yao yajulikane. Nyumba ya wapangaji wengi iwe na mita kwa kila chumba, au kama hilo gharama basi hesabu ya zile uniti 75 itambue kwamba ndani wapo watu wangapi. Mpangaji asikataliwe kwa sababu ni mwanamke asiye na mume.

Bunge la bajeti huanza Aprili kila mwaka pale Dodoma. Naomba mbunge yeyote, wa chama chochote, siku wizara ya ardhi itakapokuwa inasoma makadirio yake asimame aulize muswada wa kodi za nyumba za kuishi unaletwa mwaka gani, na asikae mpaka ametajiwa mwaka.

Ni mimi msomaji wako,
Mpangaji, Tabata
Dar es Salaam